Keki ya Marehemu

Sehemu ya tisa

Msomaji, tulimwacha Ntakirutimana nyuma ya pazia la ukumbi wa kanisa pale Pinetown, mikononi ana sinia la vipande vya keki, na moyo wake umezimika kama teksi kwenye robot ya barabarani, taa ni ya kijani na gari haliendi. Alikuwa amesikia sauti ya mshereheshaji kwenye maikrofoni ikisema hivi:

"Sasa tutawakabidhi wazee wetu keki zao. Kila mmoja na ghorofa yake, aende akaile nyumbani."

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitasema kwa kifupi.

Keki iliyosimama katikati ya ukumbi, mali ya Ntakirutimana ya kukodisha, ilikuwa na ghorofa saba. Ya juu kabisa, ndogo kama kofia ya mtoto, ilikuwa keki. Sita zilizobaki zilikuwa maboksi. Yalikuwa yamepakwa sukari nyeupe iliyokauka ikawa ngumu kama plasta, yakazungushiwa mawaridi ya rangi ya pinki, na yalikuwa yameshahudhuria harusi arobaini na tatu, nyingi kuliko mchungaji yeyote wa Durban.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Maharusi hukata ile ya juu, watu hupiga picha, kisha vipande vya wageni hutoka jikoni kwenye sinia. Kwa Warundi na Wakongo keki ya namna hiyo hukodiwa kama viti na hema, na hakuna anayeuliza ndani mna nini, kama ambavyo hakuna anayeuliza suti ya bwana harusi ni ya nani.

Lakini hii ilikuwa harusi ya Wakenya, ya kwanza katika maisha ya Ntaki, maana Durban nzima humwita Ntaki. Hakujua kwamba kwao ghorofa za keki si pambo. Ni heshima. Wazazi wa bwana harusi wana ya kwao, wazazi wa bibi harusi wana ya kwao, bibi mzaa baba ana yake, wasimamizi wana yao, kanisa lina yake, na kila mtu huondoka na ya kwake kwa nyimbo, kama anayeondoka na ng'ombe.

Na kulikuwa na Truphosa.

Truphosa alikuwa shangazi wa bibi harusi, mwalimu wa chekechea, mjane wa miaka sita, mtu anayejua kwa kutazama macho tu nani amekula penseli ya nani. Miezi mitatu nyuma, kwenye chakula cha kanisani, alionja kipande cha keki akamuuliza Ntaki, "Umeoka wewe?" Ntaki alikuwa na kipande kingine mdomoni. Kichwa kikatikisika chenyewe kukubali. Tangu siku hiyo alikuwa mwokaji, ingawa hajawahi kuoka hata mkate.

Jumapili iliyopita alimwomba amuoe. Truphosa akamjibu, "Nitakupa jibu Jumamosi, keki ikishagawanywa. Ila ujue jambo moja. Nimeshaishi na mwanamume muongo. Wa pili simtaki."

Ntaki alisikia "ikishagawanywa" akadhani ni vipande vya sinia.

Aliachia pazia akarudi jikoni.

"Mai Rufaro," alisema kwa sauti ya chini, "wanagawa Malkia."

Malkia ndilo jina la ile keki.

Mai Rufaro hakuacha kufuta kisu. Alikuwa mama wa Kishona kutoka Masvingo, na Kiswahili chake alikiokota kwa Wakongo wa sokoni. Yeye ndiye aliyeoka kila kipande kilichowahi kusifiwa kwa jina la Ntaki.

"Banapeleka wapi?"

"Nyumbani kwao. Kila mzee na boksi lake."

"Eish," alisema Mai Rufaro, akaweka kisu chini. "Kwetu iko neno moja. Guyu kutsvukira kunze, mukati muzere masvosve."

"Maana yake?"

"Tini iko nyekundu kwa nje. Imeiva, inang'aa, unasema hii leo nitakula. Unapasua. Ndani iko masvosve. Sisimizi. Wamejaa."

"Unanisema mimi?"

"Minasema tini." Akachukua kitambaa kingine. "Bibi yangu alikuwa anaambia wasichana, bwana akikuja kuposa na viatu vinang'aa. Usitazame viatu, mwanangu. Pasua tini."

"Na wakishapasua?"

"Banajua. Lakini tini ukishapasua haifungiki tena. Kwa hiyo mwenye tini bora aseme mwenyewe mapema."

Waswahili nasi tuna mkakasi wetu, mzuri kwa nje na ndani kipande cha mti. Lakini mti hukaa ulipo. Sisimizi hutembea. Lishike hilo, msomaji, kwa maana litatufikia kabla hatujafika mbali.

Ntaki alitoka mbio kuelekea kwa mshereheshaji. Huyu alikuwa Melvin, mwanafunzi wa Kikenya mwenye koti la kung'aa, kijana ambaye hajawahi kunong'onezwa jambo akalihifadhi.

"Waambie keki bado haijapumzika," alimnong'oneza sikioni.

"Mwokaji anasema keki bado haijapumzika," Melvin aliutangazia ukumbi mzima.

Absalom alisimama meza kuu. Huyu ni baba wa bibi harusi na kaka mkubwa wa Truphosa, mhadhiri wa hesabu, mtu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu waliokosea.

"Iliokwa lini?" aliuliza, akavaa ile ya pili.

"Alhamisi, Prof."

"Basi imepumzika siku mbili. Mimi tangu huyu binti avishwe pete sijapumzika saa mbili. Ilete."

"Prof, ingefaa tuwaletee nyumbani Jumatatu. Kwa gari lenye baridi."

"Kwetu keki haitumwi kama barua," alisema Absalom. "Mtu hukabidhiwa mbele ya mashahidi. Melvin, endelea."

Melvin akaendelea. Vigelegele vikapanda, ngoma ikalia, na baba yake bwana harusi akaja akicheza, mabega juu, mabega chini. Alikuwa mzee mnene aliyezoea kubeba magunia ujanani. Akakunja magoti, akavuta pumzi, akaitia mikono yote miwili chini ya ghorofa ya kwanza, akainua kwa nguvu zake zote.

Boksi likaruka. Lilipita kidevu, likapita pua, na kama asingekuwa na mikono mirefu lingempita na kofia.

Ngoma ikanyamaza.

"Nyepesi," alisema mzee, taratibu, kama mtu anayemtaja mgonjwa.

Ntaki alifumba macho. Alimwona Truphosa hata macho yakiwa yamefumbwa. Alikuwa meza ya mbele, amevaa nguo yake nyeusi, mikono imekunjwa.

Lakini Absalom alikuwa ameisifia keki hiyo kwa wakwe kwa wiki tatu mfululizo, na hakuwa tayari kuaibishwa na kilo.

"Nyepesi sana," alisema kwa sauti kubwa. "Ndiyo alama yake. Keki nzito si keki, ni ugali uliovaa nguo."

Mzee wa upande wa pili alimtazama, akalitazama boksi. Yeye pia alikuwa na heshima yake, na hangeonekana kama mtu ambaye hajawahi kula keki nzuri.

"Najua," alijibu. "Hata sisi nyumbani tunakula hii hii nyepesi. Nilikuwa naipima tu."

Kuanzia hapo, msomaji, ukumbi ulipotea njia.

Bibi mzaa baba aliinua ya kwake kwa mkono mmoja, akaiweka kichwani, akacheza nayo mara mbili kuzunguka ukumbi bila kuishika. "Miaka themanini na tatu," alisema, "sijawahi kujitwisha mawingu." Msimamizi mwanamke alisema anauhisi utamu unampanda kwenye kiwiko. Mzee wa kanisa aliipokea ya kanisa, akasema nyumba ya Bwana haijawahi kupokea kitu chenye unyenyekevu wa uzito namna hii.

Ntaki alifumbua jicho moja, kisha la pili. Watu walikuwa wanampigia makofi. Na hapa sitamficha, kwa sababu hadithi si mahali pa kuficha watu: alianza kujiona mwokaji kweli. Bega la kulia lilipanda kidogo.

"Bwana Ntaki," aliita Absalom, "njoo hapa uwaeleze watu. Unatumia mayai mangapi?"

Ntaki alisogea kwenye maikrofoni. Alimwona Truphosa akiinua kichwa. Akaapa moyoni kwamba hatasema uongo.

"Hata moja, Prof."

Ukumbi ukaguna.

"Siagi?"

"Sitii siagi."

"Maziwa?"

"Hapana."

"Unga je?"

"Prof, hata unga mimi sitii."

Mnong'ono ukapita meza hadi meza. Hata unga. Anasema hata unga hatii. Mama mmoja alitoa kalamu akaandika kwenye kitambaa cha karatasi: unga, hakuna.

"Mnasikia?" Absalom aliwageukia wakwe. "Hii ni teknolojia. Na sisi tumeletewa hapa hapa Pinetown."

Ntaki alirudi mahali pake akiwa na jasho mgongoni. Hakuwa amesema neno hata moja la uongo. Kila alichojibu kilikuwa kweli tupu, na kila kweli ilikuwa imemzamisha mbali zaidi na kweli. Hakujua kama jambo hilo lina jina. Mai Rufaro, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, alikuwa na jina lake: alinyoosha vidole viwili akavitembeza juu ya kiganja, kama mdudu anayepanda tunda.

Hakukosea.

"Absalom, mwanangu," alisema bibi, "keki yako inatembea."

Ghorofa ya wazazi wa bibi harusi ilikuwa imewekwa meza kuu, chini ya taa kali ya mpiga picha. Joto lilikuwa limeingia kwenye boksi. Malkia aliishi kwenye gereji ya kupanga kule Chatsworth, mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili, na viumbe wengine nao walitafuta pakavu. Sasa walikuwa wanatoka. Walitoka kwenye tundu dogo chini ya waridi, mmoja nyuma ya mwingine, wakateremka, wakavuka kitambaa cha meza, wakashika njia ya kuelekea kwenye glasi ya Absalom.

Baba yake bwana harusi aliwaona. Uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mkwe," alisema, "keki yenu ina wadudu."

Mke wa Absalom aliweka mkono mdomoni. Bibi harusi, Tiffany, akaanza kulia polepole ili asiharibu rangi ya macho. Truphosa alikuwa amesimama.

Ntaki aliona kwamba mwisho umefika. Alipiga hatua moja mbele ili aseme yote, na pengine angesema, kama Absalom asingeinua kidole.

"Hakuna mtu aguse," alisema Absalom. Alivaa miwani ya kusomea, akainama hadi pua ikakaribia kuwa ya kwanza kwenye mstari wa sisimizi.

"Mimi ni mtu wa hesabu," alisema alipoinuka. "Nauliza swali moja. Sisimizi anafuata nini? Mbao? Angekwenda kwenye kiti hiki. Karatasi? Angekwenda kwenye vitabu vyangu, ambavyo nimeviandika miaka ishirini na havijaguswa na mdudu."

"Wala na mwanafunzi," alisema Melvin kwenye maikrofoni.

"Sisimizi anafuata sukari," Absalom aliendelea bila kumtazama. "Hadanganywi na rangi, hadanganywi na maua. Mdudu huyu hana macho ya kusifia. Akiingia mahali, basi pana kitu. Hawa si wadudu, mkwe. Hawa ni wakaguzi, na wamepitisha."

Watu wakapiga makofi. Bibi akapiga kigelegele. Tiffany akaacha kulia.

Baba yake bwana harusi hakupiga makofi. Alikuwa ameligeuza boksi lake upande, anachungulia chini, anachungulia nyuma ya waridi. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika.

"Mbona ya kwetu haina?"

"Haina nini?"

"Sisimizi. Yenu inao, ya kwetu haina hata mmoja." Sauti ilianza kupanda. "Tumetoa binti? Hapana. Tumemleta kijana wetu, Mark, amevaa vizuri, ana kazi. Halafu mnatupa keki ambayo hata mdudu ameikataa?"

"Mzee, si makusudi," alisema Ntaki.

"Yao imepitishwa. Ya kwetu haijapitishwa. Nataka ipitishwe."

Wajomba wa upande wa bwana harusi walisimama, wanne kwa mpigo. Wajomba wa upande wa pili nao wakasimama, maana mjomba hawezi kukaa mjomba mwenzake akisimama. Harusi ilikuwa inavunjika kwa ajili ya sisimizi.

"Sharp, sharp, tulieni," Melvin alisema. "Mwokaji atagawa."

Na hivyo ndivyo Ntakirutimana, mtu mzima, baba wa mabinti wawili waliokwisha kuolewa, alivyojikuta amepiga magoti mbele ya watu mia mbili, ana kijiko cha chai mkononi, anawahamisha sisimizi kutoka boksi la wakwe wa huku kwenda boksi la wakwe wa kule. Mzee wa bwana harusi aliwahesabu. Walipofika kumi na wawili alisema inatosha, hataki kuonekana mroho, kumi na wawili ni kama mitume.

Wakwe wakakumbatiana.

"Imebaki ghorofa moja," alisema Melvin, akasoma kwenye kikaratasi. Sauti yake ikawa ya kanisani. "Hii, Prof amesema, ni ya shemeji yake. Mume wa Auntie Truphosa, marehemu Gadiel, aliyetutoka miaka sita iliyopita kule Johannesburg. Prof hakubahatika kumjua, alipohamia Durban mwenzetu alikuwa ameshatangulia. Lakini mtu wa nyumba hasahauliki. Tusimame dakika moja."

Ukumbi ulisimama. Viti vilikwaruza, kisha kimya.

Meza ya mwisho, karibu na mlango, alikuwako mwanamume mmoja mwenye suti ya samawati. Ntaki alikuwa amemwona tangu mapema, kwa sababu alikuwa amekula sahani mbili na kuomba ya tatu kwa niaba ya mtu aliyekwenda msalani. Huyo naye alisimama. Alivua kofia, akaishika kifuani, akainamisha kichwa. Dakika ilipokaribia kwisha akafuta jicho kwa ncha ya tai.

Ntaki alifikiri, huyo lazima alikuwa rafiki wa karibu.

Truphosa aliletewa boksi la marehemu. Hakucheza nalo. Hakuliweka kichwani. Alilipokea kama mtu anavyopokea mtoto wa jirani, akageuka, akatembea moja kwa moja hadi jikoni. Ntaki akamfuata, na kila hatua ilikuwa kama anapanda mizani.

Jikoni alikuwako Mai Rufaro peke yake, anapanga sahani.

"Bwana Ntaki," alisema Truphosa, "leo umesifiwa."

"Ni watu tu, Mama Truphosa."

"Nilisema nitakupa jibu keki ikishagawanywa. Sasa imegawanywa." Aliliweka boksi mezani, akaliwekea mkono juu. "Lakini kuna jambo la kwanza. Kesho asubuhi nitapanda basi, nitaipeleka hii kaburini kwa Gadiel. Nitaikata pale pale. Kipande kimoja nitakula mimi, kimoja nitamwachia. Nataka asikie yeye kwanza kwamba naolewa na mtu mwaminifu. Nikirudi, nitakuja kwako."

Ntaki alikuwa na sentensi tayari. Ilikuwa imekaa kwenye ncha ya ulimi, tamu, imeiva, nyekundu: keki ya marehemu haikatwi, Mama, hutunzwa kabatini kwa kumbukumbu. Kwa sentensi hiyo angepona. Hakuna mtu duniani ambaye angelipasua boksi lile, na yeye angekuwa mume wa Truphosa hadi kufa, na mwokaji hadi kufa.

Kisha moyoni akamwona Truphosa amepiga magoti kwenye majani ya makaburi, kisu kinakwaruza.

Mai Rufaro aliacha kupanga sahani.

"Mama Truphosa," alisema Ntaki, "hilo ni boksi."

"Boksi la keki?"

"Boksi tu. Lilikuwa la feni." Alilipindua, akabandua karatasi ya chini, na hapo palionekana picha ya feni yenye mapanga matatu, na mshale unaoonyesha upande wa juu. "Zote sita ni maboksi. Mimi sijawahi kuoka kitu. Yai sijui hata linavunjwa upande gani. Anayeoka ni huyu hapa."

Mai Rufaro aliinua kijiko, kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

Truphosa aliitazama ile feni. Kisha akavuta kiti akaketi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Tangu mwaka jana, harusi ya Akimana kule Isipingo. Waridi hili hapa lilikuwa limepungua jani moja. Leo nimelikuta limepungua jani lile lile. Keki gani huliwa mwaka jana ikarudi mwaka huu na pengo lake?"

"Ukaja kuniuliza kama nimeoka mimi."

"Nikaja kukuuliza."

"Na nikatikisa kichwa."

"Ukatikisa kichwa mdomo umejaa. Nikasema, ngoja tuone atameza lini."

Ntaki alicheka, kwanza kidogo, kisha kicheko kikamshinda akashika ukingo wa meza. Miezi mitatu ilimtoka kifuani. Alikuwa amepasuliwa, ndani ameonekana, na mama huyu bado ameketi.

"Basi," alisema, "jibu langu?"

Truphosa hakucheka naye. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la nguo yake nyeusi.

"Hiyo safari ya kaburini," alisema.

"Nitakusindikiza."

"Hatuendi. Hakuna kaburi, Ntaki."

Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka kwenye sinki. Ntaki aliyasikia matone matano kabla hajaelewa.

"Gadiel hakufa. Aliondoka tu. Asubuhi moja, yeye na redio yangu. Siku ya kwanza watu wakaniuliza yuko wapi, nikasema Johannesburg. Siku ya pili mama mmoja wa kanisani akaja akanikumbatia, akaniambia pole sana. Hakusema pole ya nini. Nikapokea. Siku ya tatu wakaja kumi, wana sukari na majani ya chai, wanaimba. Sasa mimi ningefanyaje?"

"Kichwa kilitikisika chenyewe," alisema Ntaki.

"Chenyewe," alisema Truphosa. "Na hakijaacha kutikisika miaka sita. Ndiyo maana nilikuwa nangoja wewe useme kwanza. Nilitaka kujua kama mtu anaweza kusema na bado akabaki amesimama."

Ntaki alifungua mdomo amwambie kwamba mtu anaweza. Lakini maikrofoni ilimtangulia.

"Jamani, samahani, tulieni kidogo." Ilikuwa sauti ya Melvin, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ilikuwa inatafuta maneno. "Kuna ndugu yuko hapa mbele. Anasema ile keki ya marehemu ni ya kwake. Anasema amekuja kuichukua. Anasema ana kitambulisho."

"Marehemu ana kitambulisho?" ilisikika sauti ya Absalom, mtu wa hesabu.

Truphosa alisimama.

Pazia likafunguka. Suti ya samawati ikaingia, kofia mkononi, tai bado ina unyevu.

"Truphosa," alisema Gadiel. "Nimesimama dakika nzima kwa heshima yangu mwenyewe, na goti hili unajua lilivyo. Nipe keki yangu niende nikakae."

Nyuma yake aliingia Absalom, na nyuma ya Absalom zikajazana nyuso, wajomba wanane, bibi na boksi lake kichwani. Ntaki alikuwa ameshika boksi la feni, tumbo wazi, picha nje, na sisimizi wa mwisho alikuwa anampanda mkono.

Truphosa alimtazama mume wake. Akamtazama kaka yake. Kisha akawageuzia mgongo wote wawili.

"Jibu langu ni ndiyo, Ntaki," alisema.

"Ndiyo nini?" aliuliza Absalom. "Kwa nani? Na huyu ni nani?"

Ntaki, kwa kukosa mwingine wa kumtazama, alimtazama Mai Rufaro.

"Mama," alinong'ona, "ulisema ni tini."

Mai Rufaro alichukua sahani nyingine akaanza kuifuta.

"Minasema tini," alijibu. "Sikusema iko moja."